Kuku amezubaa: mwarobaini, duka la dawa, daktari au kisu?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unafungua banda. Kuku wanatoka wakisukumana kama abiria wa daladala, isipokuwa mtetea mmoja. Amejikunyata kwenye kona, manyoya yamemtimka, mbawa zimelegea, macho yanafumba na kufumbua. Unamrushia punje za mahindi. Anaziangalia tu.

Hapo ndipo washauri wanapoanza. Jirani anakwambia ponda mwarobaini. Kijana wa duka la dawa za mifugo anakwambia chukua OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, inamaliza yote hiyo. Shemeji kisu kiko mkononi tayari: muwahi kabla hajawa kibudu. Daktari wa mifugo hakuna anayemtaja, maana nani amwite daktari kwa kuku wa elfu ishirini?

Mimi nafuga nyuma ya nyumba hapa Morogoro. Ni kienyeji waliochanganyika na aina ya Kuchi, na chotara wachache. Hawajawahi kuzidi thelathini. Njia zote nne nimezipitia, na kila moja imewahi kuniokoa na kila moja imewahi kunitia hasara. Nikitazama nyuma, hasara nyingi zilitokana na jambo moja: nilichagua njia kabla sijahesabu wagonjwa.

## Hesabu, halafu mshike

Kuku mmoja akizubaa ni jambo lake. Wakizubaa wanne ni jambo la banda zima. Mmoja anaweza kuwa na yai lililokwama, gole (ule mfuko wa chakula chini ya shingo) lililoziba, minyoo, jeraha, au uzee tu. Watatu ndani ya siku mbili, hata kama dalili ni nyepesi, wachukulie kuwa wana ugonjwa wa kuambukiza mpaka uhakikishiwe vinginevyo. Uliza na majirani kama nao wanafukia kuku.

Kisha rudisha kumbukumbu wiki mbili nyuma. Mdondo, ambao wengi tunauita kideri, huchukua siku 2 hadi 15 tangu kirusi kiingie mpaka dalili zionekane, mara nyingi siku 5 au 6. Nini kiliingia uani kwako siku hizo? Jogoo uliyepewa zawadi? Trei la mayai la kuazima? Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa mfugaji, kamba hiyo ingefaa ikae wiki mbili, tena mbali na wenyeji.

Sasa mshike. Mshike asubuhi kabla hajala, kwa sababu gole la kuku mzima huwa tupu baada ya usiku. Ukilikuta limejaa na gumu kama mpira wa makaratasi, chakula hakijashuka. Likiwa laini, linabonyea kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, kuna chakula kilichochachuka humo ndani. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichongoka kama kisu, huyo amekonda muda mrefu, na maradhi yake hayakuanza leo. Fungua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka njia ya haja, utafute chawa na utitiri. Angalia ukingo wa macho na upanga wa kichwani, maana viroboto wale wanaong'ang'ania huganda hapo kama ufuta mweusi. Geuza nyayo uone kama kuna kidonda chenye kigaga cheusi katikati.

Halafu kinyesi. Watu wengi hupata hofu bure hapa. Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye kofia nyeupe juu. Ule weupe ndio mkojo wa kuku. Mara chache kwa siku hutoa pia kinyesi chepesi, chenye kunata na harufu kali, rangi ya chokoleti. Hicho nacho ni cha kawaida. Siku ya kwanza kukiona nilikimbilia dukani.

Kijani peke yake si hukumu ya mdondo. Kuku asiyekula kwa siku mbili naye huharisha kijani, kwa sababu kinachotoka ni nyongo. Lakini kijani pamoja na kuhema mdomo wazi, shingo kupinda au miguu kulegea, tena kwa kuku zaidi ya mmoja, hiyo ni habari nyingine. Damu kwenye kinyesi cha vifaranga wa wiki tatu hadi nane humaanisha kuhara damu, yaani koksidiosisi. Mharo mweupe wa majimaji kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, wakiwa wamelala wote kwa pamoja, unaweza kuwa ugonjwa wa Gumboro. Manjano kwa kuku wakubwa hukumbusha homa ya matumbo. Uso uliovimba, jicho limefumba na pua inatoa makamasi yanayonuka, hayo ni mafua ya kuku. Vigaga kama vya ndui kwenye upanga na ndevu, ni ndui kweli. Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma kwa kuku kijana, fikiria ugonjwa wa Marek.

Njia yoyote utakayochagua, mgonjwa ahamishwe kwanza: boksi au tenga lenye maranda makavu, kivuli, joto, maji yenye chumvi na sukari kidogo. Umhudumie wa mwisho, baada ya wazima, na unawe.

## Vigezo vyangu

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yaleyale. Je, inagusa chanzo au inatuliza dalili tu? Inakula muda kiasi gani? Gharama yake ikoje ukilinganisha na thamani ya kuku? Mayai na nyama vinakuwaje? Na kigezo ambacho nakipa uzito kuliko vyote: ukikosea, nani anaumia? Kuna makosa yanayoua kuku mmoja, yanayomaliza banda, na yanayomaliza mtaa.

## 1. Jikoni na uani: mwarobaini, shubiri, majivu na mikono yako

Inagusa nini. Wengi tukisema dawa za asili tunawaza majani yaliyopondwa, lakini sehemu yenye nguvu zaidi ya njia hii ni mikono. Yai lililokwama, kwa mfano. Mtetea anasimama wima kama mtu, mkia unashuka na kupanda, anakamua na hakitoki kitu. Muweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yafike tumboni kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, muweke mahali pa giza na kimya, umpe chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyosagwa. Mara nyingi yai hutoka lenyewe. Usilikamue kwa nguvu, likipasukia ndani umempoteza.

Gole lililoziba hulegea kwa maji, mafuta ya kula kijiko kidogo na kulikandakanda taratibu. Usimning'inize kichwa chini ili atapike. Nimewahi kumuua mmoja hivyo, yale maji yakaingia kwenye mapafu. Viroboto wa machoni wapake mafuta ya mgando, watakosa hewa na kudondoka. Chawa na utitiri wanapungua sana kuku wakiwa na shimo la kuogea lenye mchanga mkavu na majivu, na majani ya mwarobaini yakitandikwa kwenye viota.

Sasa yale majani ya kunywesha. Shubiri, mwarobaini, pilipili kichaa, kitunguu saumu: nimevitumia vyote na sioni aibu. Kuku mwenye mafua mepesi nimeona akichangamka. Lakini sijaona kuku mwenye mdondo wa kweli aliyepona kwa shubiri. Niliyemwona akipona ni mmojawapo wa wale wachache ambao wangepona hata kwa maji matupu.

Muda. Mpe saa 24, zisizidi 48. Yai likikwama zaidi ya siku moja, toka jikoni.

Gharama. Karibu bure, ukiacha jasho lako.

Mayai na nyama. Hakuna wasiwasi wa mabaki ya dawa za viwandani. Hii ni faida kubwa kwa anayewalisha watoto mayai hayohayo.

Ukikosea. Kwa kuku mmoja mwenye shida yake binafsi, unampoteza huyo mmoja. Kwa ugonjwa wa kuambukiza, siku tatu za kusubiri majani yafanye kazi zinaweza kumaliza banda.

Inamfaa nani. Mwenye mgonjwa mmoja, wengine wazima, na aliye na muda wa kukaa naye.

## 2. Duka la dawa za mifugo

Inagusa nini. Bakteria, minyoo, koksidia (vimelea vya kuhara damu) na wadudu wa ngozini. Kwa hayo, duka lina silaha ambazo mwarobaini hauna. Vifaranga wanaohara damu wakipewa ampuroliamu au dawa ya salfa siku hiyohiyo, wengi husimama. Minyoo huondoka kwa piperazini au levamisoli. Mafua ya kuku hutulia kwa antibayotiki inayofaa.

Kirusi hakiguswi na kitu chochote kilichoko kwenye rafu. Mdondo, Gumboro, ndui na Marek havina dawa. Antibayotiki inaweza kuzuia bakteria wanaodandia juu ya kirusi, basi. Niliilipia ada somo hili mwaka wangu wa tatu. Jumatatu mitetea wawili waliharisha kijani. Nikaenda duka moja mjini, nikaelezea dalili kwa sentensi mbili, nikauziwa pakiti ya OTC na ya vitamini. Jumatano wagonjwa walikuwa watano. Ijumaa asubuhi niliokota tisa. Dawa ilikuwa nzima kabisa, ila ni ya bakteria, na kwangu alikuwa ameingia kirusi. Siku hizo nne nilizokuwa nangoja dawa ifanye kazi, mkabala wangu kuku wa jirani walikuwa wanazurura kama kawaida. Sikumwambia kitu, kwa kuwa nilijua natibu.

Kuna mambo matatu ambayo dukani huwa hayasemwi. La kwanza, dawa ya kuchanganya kwenye maji inawafikia zaidi wazima kuliko wagonjwa, kwa sababu mgonjwa hanywi. Huyo mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache machache pembeni ya mdomo, ukimwacha ameze. La pili, ampuroliamu hufanya kazi kwa kuwanyima koksidia vitamini B1. Ukimpa kuku ampuroliamu pamoja na pakiti ya vitamini uliyouziwa palepale, unaivunja nguvu kwa mkono wako mwenyewe. Vitamini zisubiri dozi iishe. La tatu, OTC hushikana na kalsiamu, kwa hiyo ukiwa unaitoa, punguza chokaa na maganda ya mayai, na usichanganye na maziwa.

Muda. Dozi nyingi ni siku tatu hadi saba, maji mapya kila siku. Ukiacha siku ya pili kwa sababu amechangamka, umefundisha bakteria kustahimili dawa. Usugu huo unakuja mpaka kwetu binadamu.

Gharama. Pakiti moja mara nyingi haizidi bei ya trei la mayai. Tatizo ni kwamba imepangwa kwa lita nyingi za maji, na wewe una kuku wanane. Mwombe muuzaji akupimie kwa lita moja, na usikubali "weka kidogo tu".

Mayai na nyama. Hapa ndipo bei halisi ilipo. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza, zimeandikwa kwenye kibandiko, na nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Soma kabla hujalipa. Kama maandishi ni madogo, mwambie akusomee kwa sauti.

Ukikosea. Pesa imepotea, na siku tatu nne zimepotea. Zile siku ndizo zinazouma.

Inamfaa nani. Anayeijua dalili yake vizuri: damu kwa vifaranga, minyoo iliyoonekana kwa macho, makamasi yenye harufu. Na anayeweza kuacha kula mayai kwa muda ulioandikwa bila kujidanganya.

## 3. Daktari wa mifugo, afisa mifugo na maabara

Inagusa nini. Jina la ugonjwa. Kwa mfugaji wa uani, jina hilo lina thamani kuliko sindano. Mwaka mmoja walikuwa wanakufa mmoja kila wiki, wamekonda, upanga umepauka. Mimi nilishasema kideri kimerudi. Nikambeba aliyekufa alfajiri hiyo, mifuko miwili, ndani ya ndoo yenye barafu, nikaenda kupasuliwa. Daktari alipofungua utumbo, minyoo ilijaa humo kama tambi zilizopikwa, imebana mpaka chakula hakipiti. Dawa yake ilinigharimu pesa ndogo kuliko nauli ya bodaboda.

Ukitaka kufanya hivyo, mzoga uwe wa siku hiyohiyo, upoe bila kugandishwa kwenye friza, na kama kuna mwingine anayeumwa ambaye yuko hai, mpeleke naye. Hapa Morogoro tuna bahati ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una makao yake Temeke na vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa. Wasomaji wa Kenya wanaijua maabara ya mifugo ya Kabete. Na kabla ya yote hayo yupo afisa mifugo wa kata, ambaye simu yake wengi hatuna mpaka kuku wafe nusu.

Muda. Hapa napata taabu kuisifia njia hii. Afisa mmoja anahudumia kata nzima, ana ng'ombe na mbuzi wa watu, na kuku wako watatu hawako mwanzo wa foleni. Picha ya kinyesi na video fupi ya kuku anavyohema, zikitumwa kwa simu, zimewahi kunipatia jibu ndani ya saa moja wakati ziara ingechukua siku mbili.

Gharama. Kumwita nyumbani kwa kuku mmoja hakulipi. Kwa kuku kumi na tano kunalipa mara moja. Majirani watatu mkichangia, ni rahisi kuliko soda mnazokunywa mkilalamika.

Mayai na nyama. Utaambiwa siku za kusubiri, na utaambiwa pia kama mzoga unafaa au uzikwe.

Ukikosea. Kosa la njia hii ni kuchelewa kuitumia. Na kuna hali moja isiyo na mjadala: vifo vingi vya ghafla, hasa kama bata au ndege wa porini nao wanaanguka. Kwa macho, mdondo mkali na mafua makali ya ndege havitofautishiki. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua hayo kwa ndege pori kando ya Ziwa Victoria na kwa ndege wa kufugwa. Hapo toa taarifa, na usipasue wala kunyonyoa mzoga.

Inamfaa nani. Mwenye wagonjwa zaidi ya wawili, mwenye vifo visivyoeleweka, na yeyote ambaye dawa ya dukani imeisha bila nafuu.

## 4. Kisu

Inagusa nini. Inamaliza mateso, na inaondoa chanzo cha maambukizi iwapo utafanya sawasawa. Hiyo "iwapo" ndiyo inayotushinda.

Kwetu kuna desturi mbili tofauti zinazopita chini ya jina moja. Ipo ya kumchinja kuku ambaye hatapona: mzee, aliyevunjika, aliyepooza kwa Marek, mwenye tumbo lililojaa maji ya yai. Hiyo ni huruma na hesabu nzuri. Na ipo ya kumuwahi, yaani kumchinja mgonjwa haraka asije akawa kibudu, ili sufuria isikose. Ya pili naielewa. Nyama hailiwi kila siku nyumbani kwangu pia. Lakini tazama kinachofuata kuchinja: damu inamwagika uani, manyoya yanapeperushwa, utumbo anapewa mbwa naye anauburuta mpaka kwa jirani, na maji ya kunyonyolea yanamwagwa palepale kuku wengine wanapochakura. Kama ulikuwa mdondo, umeupanda kama mbegu.

Ndugu yake mbaya zaidi ni kupeleka mnadani. Kuku wawili wamezubaa, kumi wazima bado, basi wote kumi na wawili kwenye tenga na juu ya pikipiki. Kideri husafiri hivyo kutoka kijiji hadi kijiji, kwa nauli yetu wenyewe.

Muda. Dakika tano. Kufukia inavyopaswa ni nusu saa: shimo la kina kama mita moja, majivu au chokaa juu, na jiwe ili mbwa wasifukue.

Gharama. Kuku mwenyewe.

Mayai na nyama. Aliyevunjika mguu leo na hajapewa dawa, analiwa. Aliyekuwa na homa, anayeharisha, aliyevimba, au aliyepewa dawa ambayo siku zake hazijaisha, anafukiwa. Najua linauma.

Ukikosea. Ukimchinja aliyekuwa na yai tu lililokwama, umepoteza mtetea. Ukimchinja mwenye mdondo katikati ya uwanja, umepoteza mtaa.

Inamfaa nani. Mwenye kuku asiye na matumaini, na mwenye nidhamu ya shimo.

## Sasa wewe uko wapi?

Mgonjwa ni mmoja, wengine wanachakura, na ulipomshika umegundua kitu cha kueleweka kama gole, yai, viroboto au kidonda cha unyayo: anza jikoni. Weka saa. Kesho wakati kama huu kama hajabadilika, piga simu.

Mmoja, lakini hujaona kitu na amekonda: dawa ya minyoo kwa kundi zima ni dau zuri, hasa kama hujawapa kwa miezi mitatu minne na wanatembea huru. Asipopata nafuu ndani ya wiki, apelekwe au achinjwe.

Vifaranga na damu: duka, leo, kabla ya saa nne asubuhi. Usianze na shubiri. Wakati huohuo toa maranda yote yaliyolowa, kwa sababu koksidia wanaishi kwenye unyevu, na dawa bila banda kavu ni kuchota maji kwa pakacha.

Ndui, vigaga vichache, kuku bado anakula: hapa kutofanya mengi ni sawa. Paka ayodini kwenye vigaga, ukague macho na kinywa, uzuie mbu jioni maana ndio wasambazaji, umpe chakula laini. Baada ya wiki tatu nne vigaga hudondoka vyenyewe. Antibayotiki ina nafasi pale tu macho yanapoanza kutoa usaha, na hata hapo uliza kwanza. Kama vigaga vimeingia ndani ya koo na hawezi kumeza, ni zamu ya kisu.

Wengi wanaugua, shingo zinapinda, kila asubuhi unaokota: usinunue dawa yoyote ya kienyeji wala ya dukani kwa matumaini ya kutibu. Fungia waliobaki, mpigie afisa mifugo, waambie majirani siku hiyohiyo wafungie wao, usiuze, usitoe zawadi, usitoke na viatu vya bandani. Wale ambao hawajaguswa, wa kwa jirani, ndio wa kuwakimbizia chanjo. Tone moja la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni, rudia kila baada ya miezi mitatu. Hapa nchini inatengenezwa na TVLA kule Kibaha, na aina hiyo ya kirusi ilichaguliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo lenye maana pale friji ilipo mbali. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kukomaa, kwa hiyo kuku anayeonyesha dalili tayari haokolewi nayo. Kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, basi pangeni siku moja mtaa mzima mchange.

Unauza mayai kwa watu: kigezo cha mayai na nyama kiwe cha kwanza. Kwa kuku mmoja mgonjwa, mara nyingi ni nafuu kumtenga na kumhudumia peke yake kuliko kutia dawa kwenye maji ya wote halafu ukamwaga mayai ya wiki nzima.

Uko mbali na afisa na mtandao unapatikana juu ya kilima tu: tafuta leo, ukiwa huna mgonjwa, namba ya simu ya mtaalamu mmoja na duka moja ambalo muuzaji wake huuliza maswali kabla ya kuuza. Nikiingia duka jipya huwa naangalia hilo. Asiponiuliza kuku wangapi, umri gani na wamechanjwa lini, naaga.

Na kuna yule ambaye hatoki kwenye kiota, hali, manyoya yamemtimka, kinyesi chake cha asubuhi ni kikubwa na kinanuka vibaya sana. Mwekee mkono. Akivimba, akanguruma na kukudonoa, na ukakuta tumbo limenyonyoka na lina joto, mrudishe taratibu. Huyo anaatamia.